Niliandika dada, ila nani kasoma?

Ukurasa aliouweka mbele yangu ulikuwa na madoa ya grisi pembeni, na mwandiko umelala upande, unaona kabisa huu umeandikwa mahali panapoyumba. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni obzeva, yaani mwangalizi anayepanda meli za uvuvi kuandika kinachovuliwa. Alikuwa amekaa mkekani kwangu Kirumba, hapa Mwanza, chai inapoa, anapitisha kidole mstari kwa mstari. Tarehe. Saa ya kumwaga mishipi. Saa ya kuanza kuvuta. Jipiesi ya kuanzia na ya kumalizia. Ndoana ngapi. Halafu samaki mmoja mmoja, jodari, nduaro, papa, kasa, urefu wake, kapandishwa hai au kafa, kaingia friza au katupwa.

Kidole kikasimama.

Papa. Hai. Mapezi yamekatwa. Mwili umetupwa.

"Hapa nahodha alikuwa amesimama nyuma yangu," akasema. "Kiswahili hajui na mimi lugha yake siijui, ila namba anazijua na kibox cha papa anakijua. Akaangalia, akaondoka. Kuanzia siku ile nikawa nakula peke yangu."

Nikamuuliza sasa ikawaje, hiyo ripoti ilienda wapi. Akaniambia aliposhuka bandarini kuna mtu alimpokea, akachukua bahasha na flashi ya picha, akamsainisha, akamlipa posho yake yote (na hilo naomba lieleweke, hela alilipwa), kesho yake akapanda ndege. Alichobaki nacho ni nakala za kurasa chache alizojirudishia mwenyewe kwa mkono. Toka hapo hakuna simu, hakuna barua, hakuna hata mtu wa kumuuliza hii papa uliyoiandika hapa ulimaanisha nini.

"Mimi niliandika, dada. Ila sijui nani kasoma."

Meli siitaji, kampuni siitaji, bendera haikuwa yetu na tripu yenyewe haikuwa kwenye maji yetu. Lakini sentensi hiyo imekaa na mimi wiki nzima, ikaja nyingine, ikaja nyingine, nikiwa sokoni iko, nikiwa kwenye hiace ya Igombe iko. Ndo maana naandika.

Mtu mwenye daftari

Wengi mnaonisoma mnajua mimi ni mtu wa dagaa. Nanunua Igombe, Kayenze, saa nyingine navuka mpaka Ukerewe, nakuja kuuza hapa mwaloni. Sasa kwenye mialo yote hiyo kuna mtu mnayemwona lakini hamumsemeshi, kijana au dada mwenye daftari na kalamu, mara nyingi katokea kwenye BMU, kile kikundi cha mwalo cha kulinda rasilimali za uvuvi, anasimama pale mitumbwi inapoingia anaandika. Mtumbwi wa aina gani, unakwenda kwa injini au kwa kasia, wavuvi wangapi, nyavu gani au ndoana, samaki gani, kilo ngapi, bei ya pale pale ufukweni. Hizo takwimu ndo zinazopanda juu mpaka taasisi za utafiti, mpaka kule Jinja, Uganda, kwenye ofisi za LVFO, shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, ambako Tanzania, Uganda na Kenya zinakaa pamoja tangu 1994 kuamua ziwa livuliwe vipi. Kila mkisikia kwenye redio kwamba sangara wamepungua au dagaa wameongezeka, chini kabisa ya hiyo habari yupo huyo mtu aliyesimama kwenye matope na daftari.

Huwa nampita tu. Ninachotaka ni ndoo zangu zijae.

Ila baada ya yale maneno ya mdogo wangu nikaanza kumwangalia. Asubuhi moja Igombe nikamwona dada mmoja wa daftari anasubiri mtumbwi umalize kushusha, tajiri wa ule mtumbwi akaja akamwambia kwa sauti ya kirafiki kabisa, "mwanangu, andika kidogo kidogo, usituumize." Hakumtisha. Alitabasamu. Yule dada hakujibu, akaandika, akafunga daftari. Sijui aliandika nini na siyo kazi yangu kujua, ila nilimtazama uso nikaona ni uso uleule wa mkekani kwangu.

Na yule tajiri sikumlaumu moja kwa moja. Tangu Operesheni Sangara ya 2018, ule msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu zikachomwa, watu wakatozwa faini, mwalo mzima umejifunza kwamba maandishi yana meno. Anayekuja kupima urefu wa sangara kwa ajili ya utafiti na anayekuja kupima urefu wa sangara ili akukamate kwa kuwa hajafika sentimita 50, wote wanashika rula ileile. Mvuvi atawatofautishaje?

Siku 30, siku 150

Nikaanza kusoma. Sio kwamba mimi mtaalamu, ila mdogo wangu alinitumia makaratasi kwenye simu nikawa nasoma usiku, narudia, namuuliza.

Bahari yetu ya Hindi inasimamiwa kwa upande wa jodari na tume inaitwa IOTC, makao yake Shelisheli. Mwaka 2011 walipitisha azimio namba 11/04 kuhusu waangalizi, limekuja kurekebishwa baadae lakini mifupa yake ni ileile. Linasema hivi kwa kifupi: meli za mita 24 kwenda juu, na zile fupi zaidi zinazovua nje ya ukanda wa bahari wa nchi zao, angalau asilimia 5 ya operesheni kwa kila aina ya zana iwe na mwangalizi. Mwangalizi aandike shughuli za uvuvi, ahakikishe meli iko pale inaposema iko, akadirie samaki waliopatikana na waliotupwa, apime urefu, aandike zana, na akusanye taarifa za kulinganisha na kile nahodha alichoandika kwenye logibuku yake, daftari la meli la kuandika walichovua.

Soma tena hapo mwisho. Kulinganisha na logibuku ya nahodha. Nitarudi hapo.

Tripu ikiisha mwangalizi ana siku 30 kutoa ripoti. Anaitoa kwa nani? Kwa nchi ya meli. Yaani nchi ambayo bendera yake inapepea juu ya ile meli aliyokuwa analala. Kama meli ilivua ndani ya ukanda wa nchi nyingine ya pwani basi na ile nchi nayo ipewe ripoti. Halafu nchi ya bendera ina siku 150 kuipeleka kwa katibu wa tume.

Mara ya kwanza kusoma hapo nilikasirika. Nikasema ndo hapo inapofia, mnampelekea mwenye mbuzi taarifa kwamba mbuzi wake kala shamba. Nikamwandikia mdogo wangu ujumbe mrefu. Yeye ndo akanituliza, akasema dada subiri, nani mwingine ana uwezo juu ya meli ikiwa bahari kuu? Huko nje hakuna polisi wa dunia, mwenye mamlaka juu ya meli ni nchi iliyoiandikisha, usipompelekea yeye basi hujampelekea mtu anayeweza kufanya chochote. Ana hoja. Nikaikubali, nikabaki na wasiwasi wangu pembeni yake, vyote viwili vipo mpaka leo.

Na hiyo asilimia 5. Kwenye kila mishipi mia inayomwagwa, sheria inaridhika kama mitano ina mtu anayeangalia. Mingine 95 tunamwamini nahodha.

Pacific wao kwa meli za nyavu za kuzungushia walikwenda mpaka asilimia 100 kwenye maji ya tropiki kuanzia 2010, kila meli na mwangalizi wake. Ikaja korona, 2020 wakasimamisha lile sharti, na halikurudi mpaka 2023 inaanza. Meli ziliendelea kuvua. Hiki kitu hakijanitoka kichwani, kwamba jicho linaweza kuondolewa miaka karibu mitatu na mikono ikaendelea na kazi.

Sisi Watanzania tunalo somo letu wenyewe, na sihitaji kueleza sana maana wote mnakumbuka "samaki wa Magufuli". Meli ya kigeni, Tawariq 1, ilikamatwa kwenye maji yetu 2009, Magufuli akiwa waziri wa uvuvi, jodari karibu tani 300 ndani yake, wameshaganda. Tuliwahesabu wakiwa kwenye friza. Papa waliotupwa njiani, kasa waliotupwa, wadogo waliotupwa, hao hakuna aliyewahesabu wala hawatahesabika tena. Kazi ya mwangalizi iko hapo, ni kuhesabu kile ambacho hakitafika bandarini.

Mwanasayansi au polisi?

Sasa turudi kwenye logibuku.

Ukiwauliza wakubwa wa hizi programu wengi watakwambia obzeva ni mwanasayansi, siyo askari, hana pingu, hana mamlaka ya kusimamisha meli, kazi yake ni data. Na kwenye azimio lenyewe lugha ni ya kisayansi. Mdogo wangu kule chuo cha uvuvi Nyegezi alifundishwa hivyo hivyo, na aliingia melini akiamini hivyo, akawaambia na wale mabaharia kwa ishara na kwa Kiingereza kidogo cha mpishi: mimi napima samaki tu.

Lakini ukishamwambia mtu alinganishe alichoona na alichoandika nahodha, umemfanya nini? Umemfanya shahidi. Huwezi kumpa mtu kazi ya shahidi ukamvisha koti la mwanasayansi halafu ukategemea anayeshuhudiwa asielewe. Nahodha anaelewa siku ya kwanza. Kukata mapezi na kumtupa papa ni kosa kwa kanuni za IOTC zenyewe, kwa hiyo ule mstari wenye grisi ni data ya kisayansi na ni ushahidi wa kosa, kwa wakati mmoja, kwa mwandiko mmoja, kwenye karatasi moja ambayo mwenye kosa anaweza kuisoma akiwa amesimama nyuma yako.

Hapa ndo nilianza kubadilika. Mwanzoni nilidhani tatizo ni uvivu, kwamba kuna ofisi mahali ina makabati yamejaa na watu hawasomi. Huenda lipo na hilo. Ila nikaanza kuona kwamba tatizo linaanza kabla, kwenye ile fomu yenyewe, kwenye kuchanganya.

Nikaja kuona Marekani wanafanyaje kwenye uvuvi wa Alaska, kule ambako waangalizi wako tangu miaka ya 70 walipoanza na meli za kigeni. Obzeva wao data za samaki anazo kivyake, na akiona kitu anachodhani ni uvunjaji wa sheria anaandika maelezo tofauti, hayo yanakwenda kwa watu wa kusimamia sheria. Njia mbili. Na akishuka melini anakaa na ofisa wa programu wanapitia kazi yake yote, hii namba uliipataje, hapa ulichukua sampo vipi, siku hii mbona hakuna kitu, ulikuwa unaumwa, kuna mtu alikusumbua? Data haihesabiki imemalizika mpaka kikao hicho kifanyike.

Mtu anaulizwa! Anaulizwa na mtu aliyesoma!

Nilipomwambia mdogo wangu alinyamaza kidogo halafu akasema, "Mimi ningepata saa moja tu kama hiyo."

Unakula chakula cha nani

Kitu kingine ambacho fomu haikionyeshi. Obzeva analala kwenye kitanda cha meli, anakula wali wa meli, akiumwa anatibiwa na meli, akitaka kupiga simu nyumbani anaomba simu ya meli. Na mshahara wake kwenye programu nyingi duniani unatoka kwa kampuni ya katikati inayolipwa na wenye meli haohao. Sisemi ndo rushwa hiyo. Kuna watu waaminifu kabisa wanafanya kazi kwa mpango huo na data zao ni nzuri. Ila weka akilini: huyu ni mtu mmoja, kati ya watu ishirini na kitu wenye kazi yao na deni lao na hamu ya kurudi nyumbani na hela, wiki na wiki, hana pa kwenda.

Alaska tena, mwaka 2013 walibadilisha kwa sehemu ya boti zao, badala ya mwenye boti kujitafutia obzeva na kumlipa, ikawekwa ada kwenye mauzo ya samaki na serikali ndo ikawa inachagua boti gani ipate mwangalizi na lini. Kwangu mimi hii ni akili kubwa. Mwenye boti bado ndo anayechangia lakini mkono wake hauonekani kwenye kumchagua anayemwangalia.

Na kuna kanuni yao nyingine naipenda, obzeva anaruhusiwa kukataa kupanda boti kama haina stika halali ya ukaguzi wa usalama kutoka walinzi wa pwani. Anaruhusiwa kusema sipandi. Mdogo wangu anasema siku aliyopandishwa ile meli yeye, maboya ya kuokolea yalikuwa yamefungwa kwa kamba imeoza, akaangalia, akapanda. Angesema nini? Angeambiwa tu kuna wengine wengi Nyegezi.

Ghana

Sehemu hii niliiandika nikaifuta nikaiandika tena.

Julai 2019 mwangalizi wa uvuvi wa Ghana, Emmanuel Essien, alitoweka akiwa kazini kwenye trola. Hakuwahi kuonekana. Oktoba 2023 mwingine wa nchi hiyohiyo, Samuel Abayateye, akatoweka naye akiwa melini, na wiki kadhaa baadae mwili ukaokotwa ufukweni, familia ikasema ni wake. Kabla yao, Septemba 2015, Keith Davis wa Marekani alipotea mbali na pwani ya Peru akiwa anasimamia kuhamishwa kwa samaki kutoka meli kwenda meli. Machi 2020 Eritara Kaierua wa Kiribati alikufa akiwa kazini kwenye meli ya jodari, ameacha mke na watoto.

Siwataji ili kutisha watu. Nawataja kwa sababu nilikuwa sijawahi kusikia jina hata moja, mimi ambaye maisha yangu yote yanakula kwa samaki, na naamini wengi wenu hamjawahi.

Nilimuuliza mdogo wangu kama alikuwa anawajua kabla ya kupanda. Alikuwa anawajua. Kwenye simu yake ana picha ya Essien. Mama mdogo hajui hili na naomba mnaomfahamu msimwambie.

Usiku ule sikulala vizuri, nikawa najiuliza kama ningekuwa mimi, nimekaa kwenye kabini ya futi chache, penseli mkononi, nimeona yule papa, mtu kasimama nyuma. Ningeandika? Nataka kusema ndio. Kama ningejua kuna mtu nchi kavu anasubiri ujumbe wangu kila siku saa fulani, na asipoupata anapiga simu na meli inaamriwa kurudi, nadhani ningeandika. Kama najua karatasi yangu itaingia kwenye bahasha na bahasha itaingia kimya, sijui.

Yeye aliandika bila kujua.

Kamera

Kuna wanaosema basi tuweke kamera, watu wabaki nyumbani. IOTC ilipitisha viwango vya ufuatiliaji wa kielektroniki 2023, na kamera haili peke yake wala haitupwi baharini usiku bila mtu kujua. Naziunga mkono. Ila kamera haishiki papa mkononi ikajua ni jike lenye mimba, haichukui sampo ya mfupa wa sikio wa jodari kujua umri wake, na zaidi ya yote kamera nayo inatoa ripoti, masaa na masaa ya video, na hizo video zinahitaji mtu wa kuziangalia. Tumerudi palepale kwa msomaji.

Anayesoma naye awekewe sharti

Hapa ndo nilipofika, na nimefika taratibu.

Ukisoma haya masharti ya ripoti, karibu yote yanamfunga anayeandika. Aandike kila siku. Aandike kwa kalamu gani, kwa msimbo gani wa samaki, kwa nyuzi ngapi za ramani. Amalize ndani ya siku 30. Nchi nayo imebanwa kidogo, siku 150. Baada ya hapo ripoti inaingia kwenye kanzidata, inachanganywa na nyingine, wataalamu wanaifanyia kazi, na kazi hiyo ni ya kweli na ya muhimu, sibishi. Ila katika vyote nilivyosoma vya upande wetu wa bahari sikuona mstari unaosema aliyeandika atajibiwa ndani ya siku ngapi. Hata kumwambia tu tumepata, tumeelewa, ule mstari wa tarehe fulani umepelekwa mahali fulani.

Watu wataniambia hiyo ni adabu tu, siyo usimamizi wa uvuvi. Nakataa. Obzeva anayejibiwa anaandika vizuri zaidi tripu ijayo. Obzeva anayejulikana kwamba anajibiwa, nahodha anamwangalia kwa namna nyingine, kwa sababu anajua nyuma ya huyu kijana mwembamba kuna ofisi inayosoma. Kimya kinawafundisha wote wawili kitu, kinamfundisha mwandishi kwamba asijisumbue na kinamfundisha nahodha kwamba asiogope.

Na ziwani ni hivyohivyo. Nilirudi Igombe, safari hii nikamsemesha yule dada wa daftari. Nilimpa chai, tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikamuuliza hizi takwimu zako ulishawahi kuziona zimerudi? Akasema kuna mara moja walikuja watu wakafanya mkutano na BMU, wakatundika chati ukutani, mwalo wa Igombe upo, miezi ipo, dagaa wanapanda na kushuka. Anasema siku hiyo hata wale matajiri walisogea kuangalia, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kwamba huo mwezi kweli kulikuwa na upepo mbaya, huo mwezi kweli tulikosa. Mwezi uliofuata hakuna aliyemwambia aandike kidogo kidogo.

Baadae mikutano ikaacha kuja na maneno yakarudi.

Nilitaka nimkumbatie. Yule mtoto ameeleza kwa dakika mbili kitu nilichokuwa nakitafuta kwenye makaratasi usiku kwa usiku: mvuvi akiona alichoandikwa kimekuwa picha ya ziwa lake mwenyewe, daftari linaacha kuwa la polisi.

Kwa hiyo ninachotaka, na nasema kwa watu wa uvuvi mnaonisoma maana najua mpo, ni vitu vya kawaida kabisa. Ripoti ya samaki na ripoti ya makosa zitenganishwe, na ile ya makosa isibaki kwenye karatasi ambayo nahodha anaweza kuifunua. Obzeva awe na kifaa chake cha mawasiliano, chake, siyo cha meli, na saa ya kuripoti kwamba yupo salama. Akishuka akae na mtu aliyesoma kazi yake kabla ya kupewa nauli. Nakala ya ripoti yake apewe kwa njia itakayolinda siri za data, maana siri hizo zina sababu, lakini asiondoke mikono mitupu kama hakuwahi kuwepo. Na mwaloni, chati irudi ukutani, kila msimu, hata kama imechorwa kwa makapeni kwenye karatasi la mangi.

Tulipo sasa

Kampuni imempigia tena. Kuna meli inaondoka baada ya mwezi wa Ramadhani na wanamtaka, wanasema kazi yake ya mara ile ilikuwa safi, ndo neno pekee alilowahi kuambiwa kuhusu ripoti ile.

Mama mdogo anataka aende kwa sababu hela ni nzuri na paa la jikoni bado. Mimi nilitaka asiende, nikamwambia hivyo, tukanuniana kidogo. Yeye anataka kwenda. Alinijibu kwa heshima kabisa, "dada, asipoandika mtu anayejali ataandika mtu asiyejali," na hapo sikuwa na la kumjibu.

Tukakaa chini tukaandika barua ya maswali kabla ya mkataba. Ripoti itakwenda kwa nani na yeye atabaki na nini. Atakuwa na simu ya setelaiti ya kwake au ya daraja la nahodha. Akishuka atakaa na nani kupitia kazi yake, na ni ndani ya siku ngapi. Tukaituma kwa emaili, na nakala nikajitumia mimi.

Wamejibu la ripoti, wamejibu la simu na jibu la simu ni zuri. La kikao wamesema watamrudia. Mkataba hajasaini, na tumekubaliana hasaini mpaka hilo nalo lije kwa maandishi.